Re: Jembe gani linadumu kwa bustani ya mawemawe Mwanza?

Mkuu umesema jembe lako la mwisho limepinda kabla msimu haujaisha na bustani iko Igoma kwenye mawe, pole aisee. Kwanza rangi achana nayo, ile ya kung'aa inaficha mengi. Lishike uligonge na funguo, lisilo na ufa linalia ngeee, lenye ufa linatoa mlio mfu kama sufuria iliyopasuka. Afu angalia jicho pale mpini unapoingia, kama limechomelewa kwenye bapa ujue ndo patakapoachia, tafuta ambalo jicho na bapa ni chuma kimoja na shingo iwe nene. Langu mi alinifulia mhunzi kwa springi ya lori, zito kidogo ila msimu wa nne huu nalinoa tu kwa tupa (ile ya kunolea) basi.

Mpini usichukue uliopigwa rangi maana huoni nyuzi za mti, zinatakiwa zinyooke juu mpaka chini na fundo lisiwe karibu na jicho, mpera uko poa sana. Ukilegea usilowanishe kwenye maji ili uvimbe kama tulivyozoea (na mi nilikuwa nafanya hivyo hivyo), ukikauka unalegea zaidi, gonga kabari.

Ukinunua na panga, hakikisha chuma kinafika mwisho wa mshikio na ribiti zimekaza. Reki yoyote tu.

Ah na usiliache jembe nje na udongo mbichi, asubuhi unakuta kutu.