Kruzi inayojirekebisha kwenye Porsche 911: kwa safari za Salalah, ichukue

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kuongeza pesa upate 911 iliyotumika, lile gari la michezo la Porsche, yenye kruzi inayojirekebisha (mfumo unaoshika mwendo wa gari bila wewe kukanyaga mafuta, na kuubadilisha kufuata gari la mbele), nawe unakaa Maskati, Oman, na huenda Salalah, kusini mwa nchi, mara kwa mara. Kwa safari hiyo, ongeza.

Barabara ile inayopita Haima ni karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa imenyooka kabisa. Kruzi ya kawaida hushika mwendo mmoja tu. Ukilikuta lori, unakanyaga breki na kuanza upya. Hii yenye rada hupima umbali wa gari la mbele, hupunguza mwendo yenyewe, kisha huurudisha njia ikifunguka. Mguu unapumzika, nawe unafika ukiwa na nguvu ya kuifurahia milima ya Dhofar, mkoa wa Salalah. Huko izime. Kwenye kona na ukungu wa kharifu (msimu wa manyunyu wa huko), gari la michezo linamtaka dereva mwenyewe.

Lakini nakusihi sana, usiiamini kwa ngamia. Rada hiyo imekusudiwa hasa kufuata magari, na ngamia akikatiza barabara usiku, kinga yako ni macho yako na mwendo wa kiasi.

Ukichagua gia za mkono, zenye kanyagio la klachi, usitarajie ikusimamishe na kukuondoa kwenye foleni kama ya otomatiki. Na kabla ya kulipa, uliza kama bampa ya mbele imewahi kugongwa au kurudiwa rangi, kwa sababu rada iliyohama kidogo tu hupima vibaya. Ijaribu kwenye barabara kuu, muuzaji akiwa kiti cha pembeni.