Huyo mzungu aliyekuwa akiimba Kizulu ni Johnny Clegg

Mkuu, uliyeuliza ni mzungu gani wa Sauzi aliyekuwa anaimba Kizulu na kama kweli alishawahi kukamatwa, huyo ni Johnny Clegg na ndiyo, alikamatwa kweli, tena akiwa na miaka 15 tu, kisa kwenda kucheza na kupiga gita na Wazulu kwenye hosteli zao Johannesburg wakati sheria za makaburu zinakataza. Kazaliwa Uingereza 1953 ila kakulia huku huku Afrika, na gita la Kizulu kafundishwa na Charlie Mzila, jamaa aliyekuwa anafanya usafi maghorofani. Baadaye akaungana na Sipho Mchunu, mtunza bustani, wakaanzisha bendi ya Juluka, yaani jasho. Wimbo wa Asimbonanga aliutoa 1987 kumlilia Mandela aliyekuwa bado jela, maana yake "hatujamwona".

Sasa tafuta ile video ya Frankfurt 1999, yuko katikati ya huo wimbo, ukumbi unalipuka kwa shangwe, anageuka anamkuta Mandela mwenyewe nyuma yake anacheza taratibu, halafu mzee akaomba waurudie. Mimi hapo machozi hunitoka kila nikiangalia. Clegg alifariki Julai 2019 kwa kansa ya kongosho.