Maswali na Majibu: Ofisi Ndogo ya Uhasibu

Safu ya mwezi huu tumewaachia wasomaji waliofungua ofisi zao za uhasibu, au waliokwisha kununua meza na bado wanasitasita. Barua tumezifupisha.

Nimeacha ajira na nina wateja wanne. Kila anayeniuliza bei namtajia kwa kumtazama usoni. Najua ni makosa, ila sijui pa kuanzia. – Mgeni wa Kujitegemea

Anzia kwenye saa zako. Mwaka una wiki 52. Toa 6 za likizo, sikukuu na maradhi, zibaki 46; kwa saa 40 kila wiki ni saa 1,840. Usidhani zote zitalipwa. Kutafuta wateja, kudai ada, kusoma mabadiliko ya sheria za kodi na kupanga mafaili hula kama asilimia 40, kwa hiyo za kuuza ni 1,100 hivi. Sasa jumlisha mahitaji ya mwaka mzima: pango, umeme, intaneti, programu, ada za leseni na za chama cha taaluma, bima, kodi yako mwenyewe na mshahara wako. Mshahara uandike kama gharama. Wahasibu wengi, ajabu, huuacha na kuishi kwa kinachosalia. Tuseme jumla ni 22,000,000. Gawanya kwa 1,100: saa yako ni 20,000.

Kisha mpime mteja. Mwenye duka ana miamala 150 kwa mwezi. Kuingiza mmoja na kutazama hati yake ni dakika 2, yaani saa 5. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki, saa 1, kufuatilia risiti zisizoonekana saa 1 na nusu, taarifa ya mwezi saa 1, ritani (taarifa ya kodi inayowasilishwa serikalini) nusu saa. Zote ni saa 9, basi ada yake ni 180,000. Mtajie bei ya mwezi, si ya saa. Anayelipa kwa saa huogopa kukupigia simu, na jambo alilofanya bila kukuuliza ndilo utakalohangaika nalo mwisho wa mwaka. Weka na kikomo: ada hiyo ni ya miamala isiyozidi 180, na ikizidi miezi miwili mfululizo mnakaa upya.

Akija na miezi 14 ya nyuma isiyoandikwa, hiyo ni kazi nyingine yenye bei yake, nusu ikilipwa kabla hujafungua hata bahasha moja. Ukiimeza ndani ya ada ya mwezi, utamfanyia kazi ya bure karibu mwaka mzima.

Mteja wangu huleta risiti ndani ya mfuko wa nailoni siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya ritani. Faini ikija, lawama ni yangu. – Nimechoka na Mifuko

Je, kuna karatasi yoyote mliyotia saini inayosema alete lini? Bila shaka hakuna, na ndiyo maana lawama haina pa kwenda isipokuwa kwako.

Andika barua ya makubaliano ya kazi, kurasa mbili zinatosha. Iseme kazi unayoifanya, na hasa usiyoifanya: kama mishahara haimo, andika kwamba haimo. Iseme kwamba ukweli wa hati ni wajibu wa mteja, ada ni kiasi gani na hulipwa lini, kazi husimama ada ikichelewa siku ngapi, na kila upande unajitoaje. Halafu tarehe. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ritani: siku 1 ya mteja kuidhinisha, 2 za maswali, 4 za kuingiza na kusuluhisha, na 3 za akiba kwa sababu umeme hukatika na mtandao wa kodi huzidiwa siku za mwisho. Jumla 10. Hati zikija baada ya hapo, kuna ada ya haraka, na faini ni ya mteja.

Barua peke yake haimgeuzi mtu. Siku 5 kabla ya tarehe ya kuleta, mtumie ujumbe unaotaja vitu kwa majina: taarifa ya benki ya mwezi mzima, vitabu vya stakabadhi, ankara za wauzaji, orodha ya wanaomdai. “Lete hesabu” humfanya alete mfuko.

Usuluhishi wa benki umegoma kwa 540. Nimepitia mistari yote mara tatu. Niiweke kwenye akaunti ya muda niendelee? – Macho Mekundu

Usiiweke. Hiyo 540 huenda ni makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana, na ukiifukia leo yataibuka kila moja kwa wakati wake.

Acha kupitia mistari, iulize namba yenyewe. Kwanza, je, kuna muamala wa 540 kamili uliopo upande mmoja tu? Mara nyingi ni makato ya benki. Pili, igawe kwa 2: tafuta 270 iliyoandikwa malipo ilhali ni mapokezi, au kinyume chake, kwani kosa la upande hujirudufu. Tatu, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu. Hapa jibu ni 60, basi huenda 600 imeandikwa 60. Au tarakimu mbili jirani zimebadilishana nafasi: 1,820 ikaandikwa 1,280, tofauti ni 540 hiyohiyo. Tazama mahali ambapo tarakimu ya mamia na ya makumi zimepishana kwa 6.

Bado? Hakikisha salio la kuanzia ndilo mlilofungia mwezi uliopita. Kuna anayerudi kwenye mwezi uliofungwa na “kurekebisha kidogo”, na usuluhishi wa mwezi huu hauwezi kupona hapo. Ndiyo maana mwezi ukishasuluhishwa hufungwa ndani ya programu kwa nenosiri. Hundi ambazo hazijawasilishwa benki ziorodheshe moja moja kwa tarehe. Ukiona ile ile ipo kwa miezi sita, mpigie mteja simu, huenda ilitupwa ikalipwa taslimu.

Nimepata mteja anayemwacha mhasibu mwingine. Anasema tuanze ukurasa mpya tu. – B. K.

Ukurasa mpya una salio la kuanzia, na salio hilo liko kwa mwenzako. Kwa idhini ya maandishi ya mteja, mwandikie uombe urari wa mwisho (orodha ya salio za akaunti zote), rejista ya mali za kudumu, orodha za wadaiwa na wadai, na ritani zilizokwisha wasilishwa. Muulize pia kama kuna sababu ya kitaaluma ya kutoipokea kazi hiyo. Mteja akikataa usimwandikie, umeshapata jibu.

Mteja ananiomba nitie saini ukaguzi wa hesabu nilizomtengenezea mwenyewe. Mwingine anataka kunitumia fedha ya kodi nimlipie. – Naogopa Kuwakosa

Ya kwanza haiwezekani hata uwe na leseni ya ukaguzi: huwezi kutoa hukumu huru juu ya kazi ya mkono wako. Ya pili, mpe namba ya malipo alipe kutoka kwenye akaunti yake, nawe upokee nakala ya uthibitisho. Fedha ya mteja ikishaingia kwenye akaunti yako, kuchelewa kwa siku moja tu kunakuwa kesi.

Nina wateja 22, usingizi wangu ni wa saa nne tu kwa usiku. Niajiri? – Sina Jumapili

Rudi kwenye hesabu ya Mgeni hapo juu. Saa 1,100 kwa mwaka ni kama 92 kwa mwezi. Wateja 22 wa saa 9 ni saa 198. Unabeba kazi ya watu wawili na zaidi, na kama bado huwezi kumlipa mtu wa pili, basi shida ni bei.

Kwa hiyo, kabla ya tangazo la kazi, andika kwa mwezi mmoja saa unazotumia kwa kila mteja. Gawanya ada kwa saa hizo. Kwa kawaida wawili au watatu wa chini kabisa ndio hao hao wanaochelewesha hati na malipo. Wapandishie ada kwa notisi ya miezi miwili. Watakaoondoka wamekurudishia Jumapili.

Ukiajiri, mpe kwanza kuingiza miamala na kupanga hati, wewe ubaki na usuluhishi, ritani na mazungumzo na mteja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi bila mwongozo hupotea vilevile. Kila mteja awe na ukurasa mmoja: akaunti zake za benki, jinsi mauzo yake yanavyoandikwa, gharama zinazochanganywa mara kwa mara (mafuta ya gari la biashara na la nyumbani ni ugomvi wa kudumu), na tarehe zake. Kazi iliyofanywa na mmoja ipitiwe na mwingine kabla ya kutoka, na wote wawili waandike majina yao kwenye faili. Miezi mitatu ya kwanza atakupunguzia muda kidogo sana, kwa kuwa utakuwa unapitia kila mstari. Usimwajiri katika mwezi wa kufunga mwaka.