Kisamaki kinachopanda mto mvua zikianza

SWALI: Mambo vipi, mimi niko Magu huku mto Simiyu unapoingia Ziwa Victoria, mvua zikikolea tu naona visamaki mdomo uko chini na lips nene vinapanda mto kwa fujo, wenzangu wanasema ni dagaa, kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, dagaa sio hao. Dagaa mdomo wake unaangalia juu na hapandi mto, yeye anakaa ziwani, mchana chini usiku anapanda juu ndo maana wavuvi wanamvua kwa taa. Kwa ulivyoeleza huyo ni ningu, kitaalamu Labeo victorianus, na huo mdomo wa chini anakwangulia ukoko wa mwani kwenye mawe. Mto ukifurika wanapanda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, halafu wakubwa wanarudi ziwani na watoto wanafuata baadae. Zamani ningu walikua wengi sana, ila nyavu za makila (zile zinazonasa samaki kwenye mashavu) kutegwa midomoni mwa mito ziliwamaliza kabla hawajataga, inauma kwakweli. Kwahiyo wakipanda tafadhalini sana msiwazibie njia, waacheni watage kwanza.