Muulize Sista: Nimechoka kurudi siku ya kwanza

SWALI: Kwako Sista. Mimi ni kijana wa miaka 29. Nakaa mtaa wa Pipeline, Nairobi, orofa ya sita, na nafanya kazi ya stoo katika kiwanda kimoja Industrial Area, wiki moja zamu ya mchana, wiki inayofuata zamu ya usiku. Januari mimi na marafiki tulijitosa katika lile shindano la siku 75 lililotoka Marekani. Kila siku unafanya mazoezi mara mbili, dakika 45 kila mara, na mara moja lazima iwe nje. Unakunywa galoni moja ya maji, unasoma kurasa 10, unafuata mlo uliojipangia bila pombe, kisha unajipiga picha. Ukikosa kimoja tu, unarudi siku ya kwanza. Nimerudi mara nyingi hadi naona aibu kuandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Wenzangu wanasema sina nidhamu, nami nimeanza kuwaamini. Hata kusomea mtihani wa uhasibu wa CPA, ambako nilikuwa nikijikokota angalau kidogo, nimeacha. Nataka kujitungia shindano langu: mazoezi, masomo na akiba. Nianzie wapi?
Mtu wa Stoo, Pipeline

JIBU: Mwanangu, kwanza litoe moyoni hilo neno la kukosa nidhamu. Mtu anayekesha kazini, akatoka alfajiri, akapanda ngazi za orofa sita, mara nyingine na mtungi wa lita 20 kwa sababu maji hayafiki juu, hawezi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Kilichokushinda ni sheria za shindano lenyewe. Waliolianzisha wanalieleza kuwa la kukomaza akili, na kama mtihani wa ukakamavu sina neno nalo. Lakini wewe unachotaka ni mazoea yatakayobaki ukiwa na miaka 40. Hayo hujengwa kwa njia nyingine.

Wasomaji wa zamani wanajua nilifanya kazi miaka mingi katika kliniki ya kifua kikuu huku Eastlands. Dawa za TB ya kawaida humezwa kila siku kwa miezi sita: miezi miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hutulia, hamu ya kula hurudi, na hapo ndipo dawa huanza kusahaulika, maana mtu hajioni mgonjwa tena. Kwenye benchi la kliniki ile niliona vizuri ni nini humfanya mtu arudie jambo kila siku bila kusukumwa.

Nakumbuka makanga mmoja. Mwanzoni alijiwekea saa: saa kumi na moja na nusu asubuhi, simu ilie, ameze. Simu ikilia yuko mlangoni anaita abiria, anaizima, imepita hiyo. Tulipokaa naye tukaiacha saa, tukaifunga dawa kwenye gari. Gari likishaingia steji kungoja abiria wa safari ya kwanza, kabla hajaita hata mtu mmoja, anatoa pakiti kwenye mfuko wa shati na kumeza. Ikakaa. Ila wiki gari lilipokuwa gereji, dawa nayo ikaenda gereji. Hakuwa amekuwa mvivu ghafla; kile kilichokuwa kikimkumbusha kilikuwa kimeondoka. Tukampa kikumbusho cha pili kwa siku asizokwenda kazini: akishaosha uso, kabla ya kurudisha taulo kwenye kamba. Alimaliza miezi yake sita.

Sasa angalia maisha yako. Zamu yako inabadilika kila wiki, kwa hiyo mpango wowote wa "saa kumi na moja alfajiri" utakufa Jumatatu ya zamu ya usiku. Tafuta kitu unachokifanya zamu zote mbili. Nadhani ukifika nyumbani unavua buti na kubandika chai. Basi hapo ndipo mahali pako. Andika hivi kwenye karatasi: "Nikishabandika sufuria ya chai, nafungua kitabu cha CPA mezani na kufanya swali moja." Swali moja tu. Ukifanya matano, vizuri, lakini siku imehesabika kwa lile la kwanza. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alilifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi: anayetaja mapema ni lini na ni wapi atafanya jambo hulitimiza zaidi kuliko anayesema tu kwamba atalifanya. Kitabu kilale juu ya meza, kimefunguliwa ukurasa wa kesho, kalamu juu yake. Kikiwa ndani ya begi chini ya kitanda, chai itachemka na utaishika simu.

Nimechagua masomo nikaacha mengine kwa makusudi. Mambo matatu mapya kwa pamoja ni mengi kwa mtu wa zamu, na mtihani una tarehe. Mazoezi yataingia masomo yakishatulia. Hata hivyo, ngazi zile na mtungi ule ni mazoezi, usiyadharau. Na kwa ajili ya afya yako, ukitoka zamu ya usiku lala kwanza. Mwili uliokesha kisha ukaburutwa dakika 45 mara mbili ni mwili unaotafuta kuumia. Akiba haihitaji shindano kabisa. Nenda kwa mhasibu wa kiwanda, ujaze fomu ya sacco, wakate kabla mshahara haujafika mkononi. Ukijaza fomu mara moja, huna haja ya kupigana na nafsi yako kila jioni.

Halafu hii ya kurudi siku ya kwanza. Mgonjwa wetu aliyekosa siku moja hatukumwambia aanze miezi sita upya. Alimeza ya siku iliyofuata, na ile aliyoikosa ikasogezwa mwishoni. (Aliyekatiza kwa wiki kadhaa ni habari nyingine, huyo huamuliwa na daktari.) Tungewarudisha mwanzo kwa kila siku moja, wengi wangetukimbia, na wangekimbia na ugonjwa wao. Ndivyo ilivyokupata wewe: uliadhibiwa kwa siku moja mbaya hadi ukaacha na kile kidogo ulichokuwa nacho. Sheria yako iwe hii: ukikosa leo, kesho unaendelea na hesabu pale ulipoachia, na kesho hiyo huikosi.

Wapo waliolipima. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wao kuhusu watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku kwa wiki 12, kila mara baada ya tukio lile lile. Mtu wa katikati alihitaji kama siku 66 kufikia mahali ambapo jambo linajiendesha lenyewe. Wa haraka alifika kwa siku 18, na wa polepole alikadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuwaharibia. Waliochagua mazoezi walichukua muda mrefu kuliko waliochagua kunywa maji, ambayo ni sababu nyingine ya kutolinganisha kalenda yako na ya rafiki yako. Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zilitokana na daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeona wagonjwa wake wakichukua muda huo kuzoea sura zao mpya. Hazikupimwa kwa tabia za kila siku.

Basi jipe miezi mitatu. Chukua kalenda, hata ile ya bure ya duka la dawa, ibandike nyuma ya mlango na kalamu ining'inie kwa uzi. Swali likiisha, tia alama hapo hapo, chai ikiwa bado motoni. Mwisho wa kila mwezi tazama siku zilizobaki wazi. Zikijipanga zote kwenye wiki za usiku, usijilaumu, hamisha tu mahali: pengine wiki hizo swali lifanywe ukiamka, kabla ya kuoga.

Kikundi cha WhatsApp kiache kwa sasa. Kliniki yetu ilimtaka kila mgonjwa alete mtu mmoja wa kumsimamia, mke, jirani, dada, yeyote anayemwonea huruma. Kazi yake ilikuwa kuuliza, "Umemeza?" na kusikia jibu bila kelele. Tafuta wako. Awe mtu ambaye unaweza kumjibu "leo bado" na kesho yake ukampigia tena simu.

SWALI: Sista, nina watoto watatu na nataka kuamka saa kumi na moja kabla hawajaamka, nitembee kidogo na kusali. Nimejaribu, nazima kengele na kulala tena. Nifanyeje?
Mama wa Githurai 45

JIBU: Dada yangu, hukuniambia unalala saa ngapi, lakini nakisia ni karibu saa sita, vyombo vikishaoshwa na sare kupigwa pasi. Kama ni hivyo, usiiguse kengele bado. Wiki mbili za kwanza shindano lako liwe la jioni: saa tatu na nusu simu inaenda kuchajiwa sebuleni, na mtoto mkubwa anapiga pasi sare yake mwenyewe, kama umri wake unaruhusu. Ukianza kulala saa nne, rudisha kengele nyuma kwa dakika 15 tu, na kila ukizoea, dakika 15 nyingine. Simu ikilia sebuleni itabidi uinuke, na viatu vya kutembelea viwe pale pale chini ya chaja. Sala ianze nayo hapo sebuleni. Kutembea subiri kupambazuke, na uende na jirani.