Bryce Canyon hadi Capitol Reef kwa gari dogo

Ndugu, umeuliza kama kutoka Bryce Canyon hadi Capitol Reef, hifadhi mbili za taifa jimboni Utah, Marekani, ni lazima uwe na 4x4 kama watu wanavyokutisha. Si lazima. Barabara namba 12 ya Utah ni lami tupu mwanzo hadi mwisho, karibu kilomita 200, nami niliipita na gari dogo la kukodi bila shida yoyote. Wanaokutisha nadhani wanaichanganya na njia zinazochepuka kutoka hapo, hasa Hole-in-the-Rock Road: ile ni vumbi na mawe, na mvua ikinyesha inageuka tope la kunasa gari. Burr Trail, njia nyingine ya kuchepuka, ina lami ukitokea mji mdogo wa Boulder, lakini lami inaishia mpakani mwa Capitol Reef.

Cha kuogopa ni mlima. Kati ya Boulder na Torrey, mji ulio mwisho wa barabara hii, unapanda hadi karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, na theluji inaweza kukukuta huko hata Mei, wakati bondeni ni joto. Na kabla ya kufika Boulder kuna kipande kinaitwa Hogback, barabara inapita juu ya kigongo chembamba, korongo kulia na kushoto. Ukitaka kutazama, na utataka, tafuta pa kuegesha kwanza. Mafuta jaza Escalante, mji unaoupita kabla ya Hogback.