Mitihani ya leseni na ubingwa kwa madaktari wa DO: pale watu wanapokwama

Marekani ina shahada mbili za udaktari, MD na DO (ya osteopathi), na haki za mwenye moja ni sawa na za mwenye nyingine: kuandika dawa, kupasua, kubobea katika fani yoyote. Ya DO ilianzia Kirksville, Missouri, ambako A. T. Still alifungua chuo chake mwaka 1892. Anayeisomea hujifunza yote anayojifunza wa MD, na juu yake tiba ya mikono kwa mifupa, misuli na viungo. Kwa hiyo mzazi aliyeko Minneapolis au Dallas ambaye mwanawe amepata nafasi kwenye chuo cha osteopathi asiwe na wasiwasi: mtoto anakwenda kuwa daktari kamili. Ila njia yake ya leseni ina mitihani yake, na wanaokwama wengi hukwama kwenye mambo ambayo hayahusiani na akili zao.

Kwanza ujue njia hii ni ya nani. Uingereza, osteopath husajiliwa na General Osteopathic Council na si daktari wa kuandika dawa. Cheti chake hakimpi nafasi ya kufanya mitihani hii. Daktari aliyesoma Muhimbili, Nairobi au Makerere naye hapiti huku: njia yake ni ECFMG, taasisi inayothibitisha vyeti vya madaktari waliosoma nje ya Marekani, na USMLE, mitihani ya leseni ya upande wa MD. Mitihani ya osteopathi ni ya wanafunzi na wahitimu wa vyuo vya Marekani vilivyoidhinishwa na COCA, chombo cha ithibati cha vyuo vya osteopathi, basi. Hakikisha uko upande gani kabla hujatoa hata senti moja ya kozi ya maandalizi.

Mtihani wenyewe unaitwa COMLEX-USA na huandaliwa na NBOME, bodi iliyoundwa mwaka 1934. Level 1 kwa kawaida hufanywa mwishoni mwa mwaka wa pili wa chuo. Level 2-CE huja mwaka wa tatu ukiisha, na Level 3 ukiwa tayari kwenye residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini. Zamani palikuwa na Level 2-PE, mtihani wa vitendo mbele ya wagonjwa wa kuigiza. Ulisimamishwa wakati wa Uviko kisha ukafutwa, na sasa chuo ndicho kinachothibitisha kwamba mikono yako inajua kazi. Tangu Mei 2022 Level 1 haitoi alama, ni kufaulu au kufeli. Level 2-CE inatoa, na alama ya kufaulu ni 400. Level 3 ni 350. Tangu Julai 2022 una nafasi nne tu kwa kila Level, na bila Level 1 na Level 2-CE huhitimu.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba uzito umehamia Level 2-CE. Hiyo ndiyo namba wakuu wa residensi wanayoiona. Usiifanye kwa mazoea ya «nimeshafaulu ya kwanza».

Sasa saa. Kwa muundo wa miaka ya karibuni, Level 1 na Level 2-CE ni maswali 352 kwa siku moja: nusu ya asubuhi saa nne, nusu ya mchana saa nne, kila nusu ina sehemu nne za maswali 44. Kuna mapumziko ya dakika 10 katikati ya kila nusu, na dakika 40 za chakula. (Fungua kijitabu cha maelekezo cha mwaka wako; muundo hubadilishwa mara kwa mara.) Hesabu inakupa kama sekunde 82 kwa swali. Hatari ni kwamba saa nne zile hazikukatwa vipandevipande: mtahiniwa anaweza kutumia dakika 75 kwenye sehemu ya kwanza bila kengele yoyote kulia, na akishatoka kwenye sehemu hiyo harudi tena. Sehemu ya nne inamkuta na dakika 45 mkononi, akili imechoka, anabahatisha. Andika kwenye ubao unaopewa: saa ya kwanza ikiisha, sehemu ya kwanza imeisha, ya pili ikiisha, ya pili. Swali lililokula dakika mbili liwekee alama, jibu unaloliona la karibu, endelea.

Tuje kwenye tiba ya mikono, maana hapa ndipo panapowaangusha wanafunzi hodari. Sehemu yake rasmi ni asilimia 10, yaani maswali kama 35. Mtu anayesoma kwa benki ya maswali iliyotungwa kwa ajili ya USMLE peke yake hakutani nayo kabisa, halafu anaifungua wiki ya mwisho. Wiki moja haitoshi, kwa sababu kosa la kawaida hapa ni la mwelekeo, na mwelekeo hauingii kichwani kwa kukariri usiku.

Chukua mfano mmoja. Pingili ya sita ya kifua imeandikwa T6 ERS kulia. Maana yake inakubali kunyooka nyuma, kuzunguka kulia na kuinama kulia. Tatizo hupewa jina la kule inakokwenda kwa urahisi, na hilo ndilo la kushika kabla ya yote. Ukiulizwa mbinu ya nguvu ya misuli, unampeleka mgonjwa kule inakokataa: kukunja mbele, kuzunguka kushoto, kuinama kushoto. Unamwambia asukume taratibu kurudi kulia huku wewe unazuia, sekunde 3 hadi 5, alegee, usogee mpaka kizuizi kipya, urudie mara 3 hadi 5. Ukiulizwa counterstrain mambo yanageuka: unatafuta pale maumivu ya nukta yanapotulia, unashikilia sekunde 90, kisha unamrudisha polepole bila yeye kukaza misuli. Watunga mtihani huweka majibu yote mawili pamoja. Mwanafunzi anatambua mbinu sahihi na kuchagua upande usio sahihi. Dawa yake ni kulaza mtu mezani, au hata kukaa mwenyewe kwenye kiti, na kuusogeza mwili huku ukitamka kila hatua.

Kanuni za Fryette za mwendo wa mgongo nazo zisikupite: mgongo ukiwa katikati, kundi la pingili huinama upande mmoja na kuzunguka upande mwingine (aina ya kwanza), mgongo ukiwa umekunjwa au umenyooshwa, pingili moja huinama na kuzunguka upande uleule (aina ya pili). Hapo tayari unajua kwamba ile T6 yetu ni ya aina ya pili, bila kuambiwa. Jedwali la mishipa ya fahamu, yaani pingili zipi zinahudumia kiungo kipi, liandike kila asubuhi mpaka lije lenyewe: moyo T1 hadi T5, mapafu T2 hadi T7, tumbo, ini na nyongo T5 hadi T9, figo T10 na T11, neva ya vagus inashuka mpaka katikati ya utumbo mpana wa mlalo, kuanzia hapo ni S2 hadi S4 (za chini ya kiuno). Nukta ya Chapman (mahali kwenye mwili panapoashiria tatizo la kiungo cha ndani) ya kidole tumbo iko kwenye ncha ya ubavu wa 12 wa kulia. Hayo ni maswali ya sekunde 20 kwa aliyeandaa, na muda unaobaki unaupeleka kwenye maswali marefu ya dawa. Jua pia nani hafanyiwi msukumo wa ghafla wa shingo: mwenye baridi yabisi ya rheumatoid, mwenye sindromu ya Down, mwenye mifupa iliyodhoofika au saratani iliyofika kwenye mfupa. Swali la namna hiyo ni la usalama wa mgonjwa, na huko hospitalini utalikuta kweli.

Vyuo vingi vinadai alama fulani ya COMSAE, jaribio la NBOME lenyewe, kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani. Usilifanye nyumbani huku simu iko mezani na chai pembeni. Lifanye kwa saa kamili, kwa sababu ukidanganya hapo unajidanganya kwa moja ya nafasi zako nne.

Je, ufanye na USMLE? Majimbo yote 50 yanakubali COMLEX kwa leseni, na tangu 2020 residensi za MD na DO ziko chini ya mwavuli mmoja wa ACGME, chombo kinachoidhinisha residensi. Kwa tiba ya familia, watoto, magonjwa ya ndani au akili, COMLEX nzuri inatosha sehemu nyingi. Ukilenga upasuaji wa mifupa, ngozi, au programu za vyuo vikubwa, ongeza Step 2 CK ya USMLE, kwani bado kuna wakuu wa programu wanaolinganisha kwa namba hiyo. Lakini usichanganye mfululizo: Level 1, Level 2-CE kisha Step 3 ya USMLE haufanyi mnyororo kamili, na bodi ya jimbo itakurudishia fomu. Malizia na Level 3.

Level 3, kwa muundo wa siku mbili uliozoeleka, ina maswali 420 ya kuchagua na kesi 26 za uamuzi wa kitabibu. Wanaofanya vibaya kwenye kesi hizo ni wale wanaoandika kila wanachokijua. Ukiambiwa taja vipimo viwili, taja viwili, jibu moja kwa kila mstari. Kuagiza vipimo kumi ili kimoja kiguse hakusaidii. Kinachopimwa ni uamuzi. Ifanye ndani ya mwaka wa kwanza wa residensi, kabla elimu ya jumla haijaanza kufifia na zamu hazijakumaliza.

Jambo linalowahusu watu wetu moja kwa moja ni majina. Wengi tuna la kwetu, la baba na la babu, hatuna la ukoo, na waliopitia kambi za wakimbizi mara nyingi wana mpangilio mmoja kwenye kadi ya kijani na mwingine kwenye leseni ya gari. Jina kwenye usajili wa mtihani lazima lilingane na kitambulisho. Lisipolingana unarudishwa mlangoni na ada imekwenda. Lisawazishe mwaka wa kwanza wa chuo, si mwezi wa mtihani.

Leseni hutolewa na jimbo, na majimbo kama California, Florida, Michigan na Pennsylvania yana bodi ya osteopathi iliyo mbali na ya MD. Ukituma fomu kwa bodi isiyo yako unapoteza wiki. Fungua mapema faili la FCVS, huduma ya kuthibitisha vyeti vya madaktari, litunze vyeti vyako mahali pamoja. Fomu hutaka kila mwezi wako ueleweke tangu chuo, hata miezi uliyokwenda kumuuguza mzazi Mombasa, kwa hiyo weka tarehe. Baada ya leseni inakuja namba ya DEA ya dawa zinazodhibitiwa, na tangu Juni 2023 anayeiomba lazima awe na mafunzo ya saa 8 kuhusu uraibu.

Ubingwa ni kitu kingine. Leseni inakuruhusu kutibu. Cheti cha bodi kinasema umebobea, na bila hicho hospitali na bima nyingi hazikupokei. Daktari wa DO aliyemaliza residensi ya ACGME anaweza kuchukua cha bodi za AOA (chama cha madaktari wa osteopathi) au cha bodi za ABMS (muungano wa bodi za ubingwa za upande wa MD). Chagua kwa kuuliza hospitali unayotaka kufanya kazi, kwa maandishi. Ukitaka tiba ya mikono iwe ndiyo fani yako, AOA ndiyo yenye bodi hiyo. Na usiahirishe: kibali cha kuufanya mtihani wa ubingwa kina mwisho, miaka 6 kwa AOA, na kwa ABMS kati ya 3 na 7 kutegemea bodi.

Anayewaza kurudi Kenya au Tanzania aandikie KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, au Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kukata tiketi, na aambatanishe barua ya chuo inayoeleza kwamba DO ya Marekani ni shahada kamili ya udaktari, pamoja na nakala ya leseni ya jimbo na cheti cha residensi. Karani anayezifahamu herufi hizo kwa maana ya Uingereza ataliweka faili pembeni, na barua hiyo ndiyo italirudisha mezani.